Mnapima tena? Kutafuta tripodi nyepesi ya kamera ya mfukoni

"Mwanangu, mnapima tena?"

Nilikuwa nimechutama kwenye kichochoro kimoja cha Pangani, nahangaika na klipu ya mguu wa tatu iliyokataa kubana. Magharibi ilishaingia. Taa za Bweni, ng'ambo ya mto, zilikuwa zinaanza kuwaka moja moja, na mimi nilitaka picha moja tu: pantoni ikivuka, taa zake zikichora mstari juu ya maji. Nikageuka. Bibi kasimama mlangoni, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani. Haniangalii mimi. Anaiangalia tripodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nauliza, mnapima tena? Hii nyumba mmeshaipima."

Nikamwambia sipimi kitu, ni kamera tu, kapicha ka mto. Nikaichomoa nikamwonyesha, nayo inaenea kiganjani. Akaitazama, kisha akairudia ile miguu mitatu ya alumini iliyomfika karibu na kidevu.

"Kamera kama kiberiti, ina haja gani na dubwasha lote hilo?"

Akaingia ndani. Sikusikia komeo. Mlango ulibaki umeegeshwa, na nilijua yuko nyuma yake.

Nilipiga picha 14 haraka haraka, nikakunja, nikaondoka. Hiyo ilikuwa Julai, na tangu siku ile sentensi yake ya mwisho imekuwa ikinitafuna kama jiwe dogo kwenye kiatu.

## Kwa nini alidhani tunapima

Ukitaka kumwelewa bibi, kumbuka kuwa Pangani ni mji unaopitiwa na mradi wa barabara ya Tanga hadi Makurunge, Bagamoyo, kilomita 256, pamoja na daraja la mita 525 juu ya mto. Mradi wa namna hiyo haujengwi bila watu wa vipimo kupita kwanza. Na mtu wa vipimo huja na nini? Na miguu mitatu. Anaisimika barabarani, anafumba jicho moja, anaandika kwenye daftari, anaondoka. Baada ya hapo ukutani panaweza kutokea alama ya X.

Mimi nilinunua kamera ndogo makusudi ili nisiogopeshe mtu. Sony RX100 III, gramu 290 pamoja na betri. Inalala mfukoni, na mbele ya watu inaonekana kama simu iliyonenepa. Halafu nikaenda kuitundika juu ya kitu ambacho kwa bibi yule ni mwanzo wa kuhamishwa.

Sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja. Kichwani mwangu swali la tripodi lilikuwa la gramu na sentimita.

## Taa zenye mikia

Kesho yake nikiwa kwenye basi la kurudi Tanga, nilizikuza zile picha kwenye kioo cha kamera mpaka mwisho.

Zote 14 zilikuwa zimetikisika.

Si ule utikisiko wa kuharibu kila kitu. Ni ule wa kukukera. Kila taa ya Bweni ilikuwa na kamkia upande wa kushoto, kama alama ya mkato. Kamera kubaki wazi sekunde nane, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 125, kila kitu nilikiweka sawa. Kile kidude cha ndani cha kutuliza picha nilikizima, maana kamera ikiwa juu ya tripodi kinaweza kuanza kutuliza mtikisiko usiokuwepo. Niliweka saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili ili kidole changu kisiguse kamera inapofunguka. Nilitundika hata begi chini ya nguzo ya kati kuongeza uzito, nikalifunga kwa kamba ya katani.

(Katani, kwa wasiojua, iliingia nchini kupitia Pangani hapo hapo: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliipanda Kikogwe, kusini mwa mto. Katika vichipukizi 1,000 vilivyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndivyo vilivyofika vikiwa hai. Tanga yote ya mashamba ilitokana na hivyo 62.)

Begi lile ndilo lililoniponza. Julai ni mwezi wa kusi, na upepo wa mdomoni mwa mto haubembelezi. Begi likawa linabembea, na kila likibembea linaivuta miguu huku na huku. Baadaye nilijifunza kwamba ukitundika mzigo, uache uguse ardhi kidogo, ili uvute chini bila kucheza. Ukining'inia hewani kwenye upepo, umejitengenezea kengele.

Lakini begi halikuwa kosa lote.

## Kilo tatu za kwenye boksi

Tripodi ile niliinunua dukani kwa shilingi 45,000. Haikuwa na jina la maana. Boksi liliandika inabeba kilo tatu. Nikapiga hesabu ya kijinga: kamera yangu haifiki theluthi moja ya kilo, basi hii inaibeba mara kumi, nimemaliza.

Kubeba na kutulia ni vitu viwili. Tawi la mwembe linambeba mtoto bila kuvunjika, na bado linayumba naye. Zaidi ya hayo, kilo zinazoandikwa kwenye maboksi kila kiwanda kinazipima kwa namna yake, kwa hiyo tatu ya huyu si tatu ya yule.

Siku moja jioni nikafanya jaribio jikoni, na nakushauri ulifanye dukani kabla ya kutoa hela. Funga kamera juu ya tripodi iliyorefushwa mpaka mwisho. Kuza picha mpaka mwisho, elekeza kwenye maandishi fulani, mimi nilitumia pakiti ya majani ya chai rafuni. Halafu gonga mguu mmoja kwa ukucha, taratibu, na uanze kuhesabu mpaka herufi zitulie.

Yangu ilichukua sekunde nne.

Nne! Na mimi nilikuwa nategemea saa ya sekunde mbili. Yaani nilipobonyeza kitufe kule Pangani, kamera ilifunguka wakati miguu bado inacheza kwa sababu ya kidole changu mwenyewe. Kama ningetumia saa ya sekunde kumi, pengine hata lile dubwasha la shilingi 45,000 lingenipa picha moja nzima.

Niliposhusha nguzo ya kati, zikawa tatu. Nilipoingiza pingili za chini za miguu, zile nyembamba kama penseli, ikawa moja na kitu.

Nikakaa chini jikoni pale pale.

## Mafiga hayana urefu wa mita moja

Bibi yangu mzaa mama, wa Muheza, alipika kwenye mafiga maisha yake yote. Sakafu ya jiko lake ilikuwa udongo, mabonde na vilima, na sikumbuki sufuria yake kucheza hata siku moja. Meza ya miguu minne pale ofisini kwangu imewekewa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja tangu nianze kazi. Tatu hutulia popote, nne hutaka sakafu ya fundi mzuri. Watu wetu wanasema jifya moja haliinjiki chungu. Hakuna aliyehitaji la nne.

Ila kuna jambo la mafiga ambalo sikuwahi kulitazama: ni mafupi, na ni manene.

Hesabu yake ni kali kuliko nilivyodhani. Mguu ukiurefusha mara mbili, upepo uleule ukiusukuma nchani, unapinda mara nane. Bomba likipungua kipenyo kwa nusu huku ukuta wake ukibaki na unene uleule, nalo linalegea karibu mara nane. Sasa fikiria tripodi ya safari inavyotengenezwa: ili ikunjike iingie kwenye begi, inagawanywa pingili nne au tano, kila moja ikiingia ndani ya mwenzake, kwa hiyo ya chini kabisa lazima iwe nyembamba kuliko zote. Na ya chini ndiyo inayokanyaga ardhi.

Ndiyo maana nyepesi, ndefu na imara hazikai pamoja kwa bei ya kawaida. Unachagua mbili. Ukizitaka zote tatu unalipa. Peak Design walipotoa tripodi yao ya safari mwaka 2019, inayofika kama sentimita 152 na kukunjika mpaka 39, ya nyuzi za kaboni ilikuwa na kilo 1.27 na bei ya karibu dola 600. Ya alumini kilo 1.56, kama dola 350. Ni kazi nzuri ya mikono, silalamiki. Lakini kwangu kuiweka chini ya kamera iliyokwishatumika ni sawa na kumvalisha punda tandiko la farasi wa sultani. Na hizo gramu 290 nilizozichagua ili kuepuka uzito zina maana gani, kama chini yake nabeba zaidi ya kilo?

## Ya harusi

Rafiki yangu anapiga video za harusi. Akaniazima yake kwa wiki mbili. Alumini, mabomba manene, kichwa cha gololi kikubwa kama ndimu. Nikaigonga kwa ukucha: sekunde moja, kimya.

Nilitoka nayo mara mbili.

Mara ya kwanza nilivuka nayo Kigamboni. Kufika ng'ambo, bega limekufa. Nikaisimika ufukweni, nikapiga, picha zikatoka kali kama wembe, na nikarudi nyumbani na mchanga ndani ya kufuli za kuzungusha, zile zinazobana pingili za miguu. Kila ukizungusha unasikia krrr. Ilinibidi nifungue kila pingili, nisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nianike kivulini. Chumvi ya bahari ikikaa kwenye alumini inatoa unga mweupe, na unga huo ukishaanza haukuachi. Kwa pwani yetu mimi sasa napendelea klipu kuliko kufuli za kuzungusha, kwa sababu klipu unaona mchanga ulipo. Wenye kaboni watasema kaboni haili chumvi. Kweli, ila viungo na skrubu zake bado ni chuma na alumini kama za wengine.

Mara ya pili nilifika nayo mpaka mlangoni, nikaitazama, nikairudisha nyuma ya kabati.

Tripodi iliyoko nyuma ya kabati haitikisiki hata chembe.

## Picha za mchana

Hapa ndipo makala hii ilipotaka kugeuka ikawa nyingine, na nilikaribia kuiacha.

Mwezi wa nane nilikuwa nasafisha memori kadi. Kabla ya zile 14 za usiku, kulikuwa na za mchana wa siku ile ile. Nikazipitia: mitumbwi, duka la vitumbua, mlango wa zamani wenye nakshi zilizolika, ndoo ya bluu imewekwa mbele yake. Mlango huo nilikuwa nimeupiga mara tatu. Picha ya tatu ina mkono wa mtu ukitokeza, unaelekea kwenye ndoo.

Ulikuwa mlango wa bibi yule. Mkono ni wake.

Sikumbuki kuupiga. Nilikuwa napita, kamera nimeishika usawa wa kiuno, nabonyeza bila kusimama, kama nilivyojizoeza kwa miaka. Ndiyo sifa ya kamera ndogo, si ndiyo? Hakuna anayekuona. Mchana nilimpiga picha bila salamu na hakujua. Usiku nikaja na miguu mitatu, akajua, akatoka, akauliza.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa naihukumu tripodi kwa kumtisha bibi. Kumbe ndiyo iliyomfanya aweze kuniuliza.

Sisemi tubebe madubwasha ili tuwe waungwana. Sijui hata kama nilikosea kupiga mlango ulioko barabarani, watu wanaupiga kila siku na ni mlango mzuri. Lakini tangu hapo nikiwa dukani swali limebadilika. Sitafuti tena tripodi ambayo watu hawataiona. Natafuta ambayo wakiiona, nitakuwa nimeshawasalimu.

## Ile ndogo

Kuna tripodi za mezani, zenye kimo cha kiganja. Nilizidharau miaka yote. Picha ya usawa wa kifundo cha mguu nani anaitaka? Kuna na zile za miguu ya kujikunja kama pweza, unazisokotea kwenye tawi au nondo. Niliwahi kuwa nayo. Ni tamu mwezi wa kwanza, halafu kiungo kimoja kinachoka, na pweza aliyechoka mguu mmoja anainamisha kichwa polepole katikati ya picha yako ya sekunde nane.

Nilichochukua mwishowe ni Manfrotto PIXI. Gramu 190. Imeandikwa inabeba kilo moja. Haina pingili, haina klipu, haina nguzo ya kati, na kibati cha kupachikia kamera pia haina: kamera unaikaza moja kwa moja juu yake kwa skrubu ile ile ya robo inchi inayoingia karibu kila kamera duniani. Unabonyeza kitufe, gololi inalegea, unaelekeza, unaachia, imekamata. Ukiikunja miguu inakuwa mpini wa kushikia video.

Nikaigonga kwa ukucha juu ya meza ya jikoni. Herufi za pakiti ya chai hazikunipa hata nafasi ya kuhesabu.

Mafiga, kumbe.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa: yenyewe haina urefu. Urefu lazima uuazime. Na hapo nikaanza kuitazama miji yetu upya. Nyumba za kale za Pangani, Bagamoyo, Unguja, Lamu, zote zimejengewa baraza nje. Jiwe na chokaa, kimo cha kukalia, limetulia pale miaka mia na zaidi. Kuna kuta za visima, ngazi za misikiti, kingo za gati, ubavu wa mtumbwi uliopandishwa mchangani. Hakuna kaboni ya dola 600 iliyo imara kama baraza la chokaa.

Ila baraza lina mwenyewe.

Huwezi kuweka kamera juu ya baraza la mtu kimya kimya ukaegemea ukuta wake sekunde nane, ukisubiri nyingine kumi za saa. Utapiga hodi. Utaulizwa habari za utokako. Pengine utakaribishwa kahawa na pantoni ikakupita. Kwa mtu anayesafiri mbio hii ni hasara, na akiniuliza nitamwambia atafute ya kilo moja yenye pingili nne, asiipandishe nguzo ya kati, atumie saa ya sekunde kumi, atafika salama. Mimi sina haraka hiyo.

## Hodi

Septemba nilirudi Pangani, nusu kilo ya sukari mkononi, tripodi kwenye mfuko wa shati.

"Hodi hapa."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Ni yule wa dubwasha, bibi. Shikamoo."

Alicheka kabla ya kuitikia. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nilimpa ile tripodi. Akaigeuza, akaipanua miguu, akaisimamisha juu ya baraza karibu na ungo wake.

"Huyu kaa," akasema. "Yule mwingine umempeleka wapi?"

Kisha nikamwonyesha zile picha tatu za mchana, nikamwambia nilizipiga bila kumuomba. Alikisogeza kioo karibu na macho. Alikaa nazo muda mrefu, hasa ile ya tatu.

"Mbona hukuniambia nikatoa ndoo?"

"Sikukuona, bibi. Nilikuwa napita."

"Futa hizo."

Nikafuta mbele yake, moja, mbili, tatu. Akaweka ungo pembeni kunipisha. Pantoni ilikuwa inajitenga na Bweni, upepo bado upo ila si ule wa Julai. Nikaielekeza kamera mwisho wa kichochoro, nikaweka saa ya sekunde kumi, nikabonyeza, nikaondoa mkono. Kile kitaa cha rangi ya chungwa kikaanza kupepesa. Bibi alibana pumzi tangu mwanzo hadi mwisho, sekunde kumi za kusubiri na nane za picha, kama vile yeye ndiye aliyekuwa anapigwa.

Kioo kikawaka. Taa zimekaa wima, hazina mikia.

"Enhe," akashusha pumzi. "Imetoka ngapi?"

"Sekunde nane, bibi."

Akauvuta ungo wake, akarudi kwenye mchele.

"Wale wenzako waliniandikia mita tisa na nusu."